Moshi kuwa jiji: mpaka unasogea kuelekea vihambani, tuongee kabla haujafika

#1 Mwana wa Uru (mleta mada)

Wadau, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, hasa mliozaliwa Uru, Kibosho, Old Moshi, Mabogini na kokote kunakopakana na Manispaa ya Moshi.

Habari ya Moshi kuwa jiji tumeisikia miaka mingi. Kila ikifufuka, watu wanashangilia jina la jiji, wachache wanauliza hilo jiji litakaa wapi. Manispaa ina kata 21 zilizobanana ndani ya kilomita za mraba zisizofika 60. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,000 na kitu, ya 2022 ikahesabu 221,000 na kitu. Mji umejaa, sibishi. Ili uwe jiji lazima uongezewe ardhi, na ardhi hiyo ni ya vijiji vya Moshi Vijijini. Ni yetu, pamoja na vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa.

Mimi sipingi mji kukua. Ninachopinga ni sisi kuambiwa kuwa mpaka ukisogezwa hakuna kitakachobadilika ila kibao cha ofisi. Si kweli hata kidogo. Leo Uru ni vijiji. Kijiji kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri hiyo ndiyo inayosimamia ardhi yote ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kukubali. Mkutano mkuu ni mimi, wewe na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

Siku tukiingizwa manispaa, kijiji kinafutwa na unazaliwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti na kamati ya watu wasiozidi sita. Mtaa hauna ardhi, hauna mamlaka juu ya ardhi. Mwenyekiti atagonga muhuri kwenye barua yako ya utambulisho na atasikiliza kesi za kuku, lakini nani ajenge nini na wapi, barabara ipite kwa nani, hayo yataamuliwa mezani kwa mkurugenzi na kwenye baraza la madiwani. Shamba la kijiji, kiwanja cha mpira, ofisi tuliyojenga kwa michango, vyote vinahamia kwa halmashauri ya mjini.

Naomba tujadili kwa hoja. Walioshuhudia maeneo yao yakimezwa na miji, tuelezeni mlichokiona.

#2 Kijana wa Soweto

Mkuu, nakuheshimu, lakini unalinda kitu ambacho kimeshaondoka. Tembea kutoka Rau kwenda Uru Kusini leo uniambie kijiji kinaanzia wapi. Nyumba zimeshikana. Watu wanafanya kazi mjini, watoto wanasoma mjini, wanauguzwa KCMC, sokoni wanakwenda Mbuyuni. Jioni wanarudi kulala "kijijini", kwenye nyumba ya vigae iliyojengwa bila kibali, njia ya kuingilia upana wa toroli. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto litapita wapi?

Mji umeshafika huko, uliobaki nyuma ni mpango. Halmashauri ya wilaya ina vijiji vingi mno vya kuangalia, hadi tambarare za Kahe na Arusha Chini. Haina wapimaji wa kutosha wala fedha za kupanga eneo ambalo kila mwezi linaota nyumba mpya. Kinachotokea ni ujenzi holela, na ujenzi holela ukishakomaa hauponi bila kubomoa.

Kuna na suala la fedha. Miradi mikubwa ya miji iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia ilikwenda kwenye mamlaka za miji tu. Mradi wa TSCP ulikwenda Arusha, Mwanza, Dodoma, Tanga, Mbeya, Kigoma na Mtwara. Moshi ikaingia kwenye mradi mwingine, ULGSP, pamoja na miji mingine 17. Lami na mitaro ile ilisimama pale mpaka wa manispaa unapoishia. Ukiwa upande wa pili wa barabara, uliambulia vumbi. Nyie mnataka kubaki upande wa vumbi kwa ajili ya mkutano mkuu ambao wengi wenu hamuhudhurii?

#3 Binti Kibosho

Kaka wa Soweto, hoja yako ya ujenzi holela naikubali. Ya huduma sikubaliani nayo, na nitakueleza kwa nini.

Barabara za vijijini na mijini zote ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali, tangu 2017. Si manispaa, si halmashauri ya wilaya. Maji ya mamlaka ya maji ya Moshi yameshavuka mpaka siku nyingi na watu wa vijijini wanalipia bili. Umeme ni TANESCO, nchi nzima. Kwa hiyo anayesema tukiingia mjini tutapata barabara, maji na umeme, atuambie ni huduma ipi kati ya hizo inayoletwa na manispaa.

Na kwenye umeme tunaweza kuumia. Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa mijini ilirudi Sh 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo, vijijini ikabaki Sh 27,000. Wabunge wa miji walilalamika sana bungeni kwa sababu kulikuwa na maeneo yenye sura ya kijiji kabisa ambayo wakazi wake walidaiwa ada ya mjini, kisa yamechorwa ndani ya mpaka wa manispaa. Mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili Kibosho Kindi, tofauti ya karibu laki tatu ni ada ya shule ya mtoto.

Kodi ya majengo nayo: nyumba ya kawaida Sh 18,000 kwa mwaka tangu Julai 2023, ghorofa Sh 90,000 kwa kila sakafu, inakatwa kwenye LUKU. Si pesa ya kumfilisi mtu, na mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha. Ila ujue itakukuta.

Sasa niseme jambo ambalo wanaume wa uzi huu hawatalisema. Mleta mada anasifia kijiji, lakini mimi ni binti wa nne kwa baba yangu na kwenye kihamba sina hata mgomba mmoja. Ardhi walikaa wakagawana kaka zangu, mdogo wa mwisho akachukua nyumba kwa desturi yetu. Kifungu cha 20 cha hiyohiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji mnayoisifia kinasema desturi inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Nani amewahi kukisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji? Kwa hiyo mimi silii kwa sababu kijiji kinafutwa. Ninachoogopa ni kwamba wapimaji wakija, watauliza "mwenye eneo nani?", atajitokeza kaka mkubwa, jina lake litaandikwa peke yake kwenye hati, na kile kidogo ambacho mama anakitumia kwa heshima ya ukoo kitakuwa mali ya mtu mmoja anayeweza kukiuza Ijumaa bila kumwambia yeyote.

#4 Mama Mpunga

Nyie wa juu mnazungumzia migomba. Huku Mabogini shida yetu ni maji.

Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani ikakamilika 1987. Ilipangiwa hekta 2,300, karibu nusu yake za mpunga, ikitegemea Mto Rau na chemchemi ya Njoro. Tangu mwanzo maji hayakutosha, maana walio juu ya mto nao waliona mpunga unalipa wakaanza kulima. Tumeishi miaka yote kwa zamu, kwa vikao, kwa kugombana na kupatana. Hapa mtu anajua mfereji wa nani unafunguliwa usiku upi.

Tambarare hii iko jirani kabisa na mji. Ukiwa dalali wa viwanja unaona uwanja usio na kisiki wala mlima, na lori la mchanga linafika bila shida. Shamba moja la mpunga likijazwa kifusi nyumba ikasimama, mfereji unaopita hapo unakufa, na wote walio chini yake wanakauka, hata kama wao hawajauza. Hilo ndilo watu wa mjini hawalielewi. Kihamba ukikiuza umeuza chako. Shamba la skimu ukiliuza umeuza na la jirani.

Mimi nataka kujua kitu kimoja: kwenye ramani ya hilo jiji, mashamba ya skimu yatapakwa rangi gani? Kama ni kijani, ya kilimo, na yakaandikwa hivyo kwenye mpango kabambe, ule mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya mji, niko tayari kuwa mwana jiji kesho asubuhi. Kama ni makazi, nitapinga hadi mwisho.

#5 Afisa Ardhi Mstaafu

Nimesoma wote. Nilifanya kazi ya ardhi miaka mingi, nimestaafu, niruhusuni niweke mambo sawa, kwa sababu hapa kuna njia tatu ambazo watu wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni kubadili mipaka ya utawala. Hii ni ya TAMISEMI, wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Maombi yanapaswa kuanzia mikutano mikuu ya vijiji, yapande Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha ya Mkoa, ndipo yafike wizarani. Katika ngazi hizo zote, mwananchi wa kawaida ana sauti ya moja kwa moja kwenye ile ya kwanza tu. Muhtasari wa mkutano wa kijiji ukishasainiwa kwamba "wananchi waliridhia", ngazi zote za juu zinaunukuu huohuo.

Njia ya pili ni kutangaza eneo kuwa la mipango miji, chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Hili linaweza kutokea hata kabla mpaka haujasogea. Eneo likishatangazwa, huruhusiwi kuliendeleza kinyume na mpango, na kujenga kunahitaji kibali.

Njia ya tatu ni kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyosimamiwa tena na kijiji, na hapa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ina meno. Kifungu cha 4 kinataka wanakijiji wapewe taarifa na wasikilizwe. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaoamua kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea maoni ya mkutano. Tena ardhi haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa.

Tatizo liko hapa: mkisogezewa mpaka kwa njia ya kwanza, hakuna anayekuja kuwathaminia, maana kwa macho ya utawala hakuna kilichotwaliwa. Mmebadilishiwa ofisi tu. Kumbe kwa upande wa ardhi mmeondolewa ile ngao ya kifungu cha 4, kwa sababu kijiji chenyewe hakipo tena.

Lakini msiogopeshane kupita kiasi. Haki yako ya kimila haifi kwa sababu mpaka umekupita. Mahakama ya Rufani mwaka 1994, kwenye shauri la Lohay Akonaay lililotoka Karatu, ilisema wazi kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Eneo lako likitwaliwa kwa barabara au soko, ni lazima ulipwe: ardhi kwa bei ya soko, maendelezo, usumbufu, usafiri, malazi, hasara ya faida.

Ushauri wangu ni mmoja. Wakati kijiji bado ni kijiji, pimeni mipaka ya kila eneo na mchukue hati za hakimiliki ya kimila. Hati hiyo haina ukomo wa miaka kwa mkazi, na inaruhusu majina zaidi ya moja. Binti Kibosho, hapo ndipo jina la mama yako linapoingia. Mtu mwenye karatasi akiingia mjini anajadiliana kama mwenye mali. Asiye na karatasi anaanza kwa kuthibitisha kwamba yupo.

#6 Mkazi wa Msaranga

Shikamoo mzee wangu wa #5, umesema kweli tupu.

Sisi tuko ndani ya manispaa miaka mingi na bado tuna migomba, kahawa kidogo na ng'ombe bandani. Familia yetu imezika kwenye kihamba na hakuna aliyetuzuia. Kwa hiyo wale wanaosema ukiingia mjini siku ya pili unaambiwa ufukue makaburi, wanatisha watu bure.

Ila sheria za mjini zipo, hazijatumika tu kwa ukali. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 ziliruhusu ng'ombe wanne wa kufugwa ndani na shamba lisilozidi ekari tatu. Kwa Mchagga hilo halina shida, nani ana ekari tatu siku hizi? Kihamba bila samadi hakizai, na samadi inataka ng'ombe wawili tu. Shida yangu ni kwamba kanuni za mjini zinakaa kabatini hadi anapokuja jirani mpya, amejenga ghorofa, hapendi harufu ya banda. Hapo ndipo zinatolewa kabatini, na anayehukumiwa kwa kanuni hizo ni yule aliyekuwepo kabla yake.

#7 Niliyemezwa

Mleta mada aliomba ushuhuda. Sitataja jiji langu.

Kwetu walikuja na upimaji shirikishi. Utaratibu wenyewe hauna ubaya: unatoa shamba, linapimwa viwanja, unabaki na sehemu yako na sehemu inayobaki inalipia upimaji, barabara na huduma. Mkiwa na mkataba uliosomwa, ni njia nzuri kuliko kuuza ekari kwa bei ya kutupa. Sisi tulisaini fomu ambazo hazikujazwa asilimia. Viwanja vilipotoka, vyetu vilikuwa mabondeni, vya mbele ya barabara vikaenda kwa watu tusiowajua.

Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Ilitokea mapema zaidi, kabla ya tangazo lolote. Walipita watu wazuri, wapole, wanaongea taratibu, wananunua mashamba kwa bei ya shamba. Tulidhani tumepata bahati. Baada ya muda mpaka ukatangazwa, yale mashamba yakawa viwanja, na bei ikapanda mara nyingi mno. Wao walijua mpaka utapita wapi, sisi hatukujua. Mkiona ghafla wanunuzi wameongezeka upande mmoja wa kijiji, jueni kuna ramani mahali ambayo hamjaonyeshwa.

Halafu someni ya Dodoma. CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973 kuupanga mji mkuu, na vijiji vya Wagogo vilijikuta ndani ya eneo lake. Migogoro ya viwanja na fidia iliendelea hadi Rais Magufuli alipoivunja Mei 2017. Hati zake zilikuwa za miaka 33 tu. Mji ulipangwa vizuri kwa kulinganisha na mingine, hilo ni haki kulisema. Ila waliokuwa na mashamba pale tangu mababu wengi wao si wao walioko kwenye viwanja vizuri leo.

#8 Kijana wa Soweto

Nimewasikia. #7, pole sana, na hilo la madalali kujua kabla ya wenyeji ni dhambi kabisa. Ramani ya mapendekezo ibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji siku ileile inayoingia baraza la madiwani. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Bado nasimama kwenye hoja yangu. Binti Kibosho, umesahau mipango na taka. Mkondo wa maji unaoshuka kutoka kwenu hauulizi mpaka wa utawala. Mvua za masika zikija, kila kilichotupwa kwenye makorongo huko juu kinatufikia sisi Pasua na Njoro, na manispaa haina mamlaka ya kupanda huko kuzuia mtu asijenge kwenye kingo za mto. Bonde moja la mto liko chini ya halmashauri mbili, hakuna anayewajibika. Na ile mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inatokana na mapato ya ndani. Halmashauri yenye mapato makubwa ina mfuko mkubwa. Vijana wa Uru wenye bodaboda wanazunguka mjini siku nzima, wanalipa ushuru mjini, mkopo wakaombe wilayani.

#9 Binti Kibosho

Hilo la mto umenishinda, kaka. Mtu wa chini ana haki ya kusema juu ya anayejenga kwenye kingo huku juu. Ila bonde la mto lina mamlaka yake ya maji, halmashauri mbili zinaweza kukaa meza moja chini ya mamlaka hiyo bila mmoja kummeza mwenzake. Jaribuni hilo kwanza.

#10 Mwana wa Uru (mleta mada)

Asanteni wote. Mzee wa #5, Mungu akuweke.

Niseme nilipofika. Mpaka utasogea, leo au baada ya miaka mingine kadhaa, na kukataa tu hakutatusaidia. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu ujao nitasimama niombe mambo haya yaandikwe kwenye muhtasari, kwa maneno yetu, si kwa neno moja la "waliridhia". Ramani yenye majina ya vitongoji vinavyoguswa ionyeshwe kwanza, na hakuna kupiga kura kabla ya ramani. Kijiji kipimiwe na hati za kimila zitolewe, zenye majina ya wake na mabinti, kabla ya ombi kupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mashamba ya skimu na vyanzo vya mifereji viwekwe kwenye mpango kabambe kuwa vya kilimo na hifadhi ya maji. Ada ya umeme ibaki ya kijijini hadi miundombinu ya mjini ionekane kwa macho. Mali ya kijiji iorodheshwe, na iandikwe itatumiwa na nani baada ya kijiji kufutwa.

Wakikataa kuyaandika, nitaomba iandikwe kwamba wamekataa, na nitaomba nakala ya muhtasari yenye saini.

Mama Mpunga, mkutano wenu wa Mabogini ni lini? Tungependa tuje watu wachache kutoka Uru tukae nyuma tusikilize.

#11 Mama Mpunga

Karibuni sana. Tarehe haijabandikwa, ikitoka nitaiweka hapa. Njooni na huyo mzee wa ardhi kama afya inamruhusu, na Kijana wa Soweto pia aje, nimwonyeshe mfereji unakoanzia na unakoishia.